Kipimo Kimoja: Hoja za Wakristo dhidi ya Umormoni na Majibu Yake



Kitabu cha Mormoni kilitoka mtamboni mjini Palmyra, jimbo la New York, mwezi Machi 1830, nakala 5,000. Mwaka haukutimia. Februari 1831 mhubiri Alexander Campbell alikuwa tayari amechapisha jibu lake katika jarida la Millennial Harbinger. Campbell hakuwa mtazamaji wa mbali. Sidney Rigdon, mhubiri aliyefanya kazi naye kwa karibu huko Ohio, alikuwa amebatizwa na wamisionari wa Joseph Smith, aliyekitoa kitabu hicho, Novemba 1830, na wengi wa kundi lake wakamfuata. Tangu siku za kwanza, basi, mabishano haya yalikuwa ya watu waliokuwa wakiketi benchi moja na kusoma Biblia ileile. Uchungu wa mabishano hayo tunaurithi kila tunapovichukua vijitabu vya zamani vya wapinzani wa Joseph Smith na kuvigawa kwetu, mara nyingi bila kujua vilitungwa dhidi ya nani na kwa sababu gani.

Nasema kwetu kwa sababu jambo hili si la Marekani peke yake tena. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilitambuliwa rasmi Zaire mwaka 1986, Kenya 1991, na Tanzania 1992. Joseph Sitati, mzaliwa wa Bungoma, aliitwa mwaka 2009 kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa kanisa hilo duniani, Mwafrika mweusi wa kwanza kufika hapo. Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu Aprili 2019, na la Nairobi lilikuwa limetangazwa tangu 2017. Wenye kanisa hilo wameomba tangu 2018 waitwe kwa jina lao kamili. Nitasema "Wamormoni" kwa ufupi tu, na atakayekwazwa anisamehe.

Mimi ni Mkristo wa imani ya Nikea, nami naamini kwamba mafundisho ya Joseph Smith juu ya Mungu si kweli. Nalisema mapema ili asiwepo wa kutafuta msimamo wangu kati ya mistari. Lakini hoja zetu nyingi dhidi yao zimenihuzunisha kuliko mafundisho yao, na leo nitaeleza kwa nini.

Nirudi kwa Campbell. Hoja yake kubwa ilikuwa hii: kitabu kinachodai kuandikwa na manabii wa Marekani ya kale, wa mwisho wao akiishi takriban miaka 400 baada ya Kristo, kinatoa hukumu juu ya karibu kila swali lililowagombanisha watu wa New York katika miaka kumi iliyotangulia kuchapwa kwake. Ubatizo wa watoto wachanga, kuwekea wachungaji mikono, Utatu, uongozi wa kanisa, hata vyama vya siri. Msomaji wa nje huona hapo alama ya mwandishi wa karne ya 19. Mmormoni naye hujibu kwamba kitabu chenyewe kinaeleza kuwa Moroni, nabii huyo wa mwisho, alionyeshwa siku zetu na akaandika kwa ajili yetu. Ingekuwa ajabu kama kisingezungumza na mambo yetu. Hoja ileile iliyomshawishi wa nje imekuwa uthibitisho kwa wa ndani. Mambo yatakuwa hivyo tena na tena katika karne hizi mbili, na asiyeliona hilo atabaki anashangaa kwa nini "hawaelewi".

Mwaka 1834 likaja pigo jingine, nalo ndilo linalostahili kukaliwa. Eber Howe, mwenye gazeti mjini Painesville, Ohio, alitoa kitabu chenye viapo vya majirani wa familia ya Smith, na ndani yake nadharia mpya: Joseph Smith hakukitunga kitabu, bali kiliibwa kutoka katika riwaya ambayo haikuwahi kuchapwa ya Solomon Spalding, mchungaji wa zamani aliyefariki 1816. Wakristo wakaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa rahisi kuliko kukiri kwamba kijana wa shambani asiye na shule aliweza kutoa kitabu kinene vile. Kwa nusu karne ilihubiriwa mimbarani kama jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Halafu mwaka 1884 hati ya Spalding ikaonekana. Ilikuwa Honolulu, katikati ya karatasi za mtu aliyelinunua gazeti la Howe miaka mingi kabla. Mkuu wa Chuo cha Oberlin, James Fairchild, aliisoma akaona kwamba haifanani na Kitabu cha Mormoni, si kwa majina wala kwa mtindo. Ni hadithi ya Warumi waliopeperushwa na tufani hadi Marekani. Wafuasi wa Joseph Smith wenyewe waliichapa, mwaka uliofuata, ili kila mtu ajisomee. Waliobaki na nadharia hiyo walianza kusema kwamba bila shaka palikuwa na hati ya pili iliyopotea.

Fikirini maana yake kwa Mmormoni aliyezaliwa 1870. Tangu utotoni anaambiwa na wachungaji kwamba kitabu chake ni wizi, na ushahidi upo. Anapofika umri wa kujisomea, ushahidi unatokea na kuwaumbua washitaki. Nani atamlaumu akiamini kwamba hoja nyingine zote za wachungaji ni za aina hiyo? Uongo uliosemwa kwa nia ya kuilinda kweli uliwachanja watu dhidi ya kweli.

Sasa nije kwenye hoja ambayo naiona kuwa na nguvu kuliko zote za kihistoria, na nawaomba mnivumilie kwa sababu ina mambo mengi.

Mwaka 1835 mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akizungusha maonyesho ya vitu vya Misri alifika Kirtland, Ohio, akiwa na maiti nne za kale zilizohifadhiwa kwa dawa pamoja na hati za mafunjo. Joseph Smith na wenzake walizinunua kwa dola 2,400. Akatangaza kwamba moja ya hati hizo ina maandishi ya Ibrahimu, na mwaka 1842 akachapa tafsiri yake pamoja na michoro mitatu iliyonakiliwa, akieleza maana ya kila sehemu ya michoro hiyo. Hicho ndicho Kitabu cha Ibrahimu, sehemu ya maandiko yao iliyomo ndani ya Lulu ya Thamani Kuu. Wakati huo kazi ya Champollion ya kusoma maandishi ya Kimisri ilikuwa changa na haijafika vijiji vya Marekani. Hapakuwa na wa kuihakiki.

Mwaka 1912 askofu wa Kiepiskopali wa Utah aliwapelekea wataalamu wa Misri ile michoro iliyochapwa. Wote wakajibu kwamba ni picha za kawaida za maziko ya Kimisri. Wamormoni walisema wataalamu wameona nakala tu, na wanatofautiana wao kwa wao katika mambo madogo. Hati zenyewe zilidhaniwa kuungua katika moto mkubwa wa Chicago wa 1871. Kumbe vipande kadhaa vilikuwa New York. Profesa Aziz Atiya, Mkopti aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Utah, aliviona mwaka 1966 katika jumba la makumbusho la Metropolitan, na Novemba 1967 vikakabidhiwa kwa kanisa. Ndani ya miezi michache kanisa lilichapa picha zake katika jarida lake, na kwa hilo linastahili heshima.

Vikasomwa. Kimoja kati yake kina mchoro uleule wa kwanza wa kitabu, ambao Smith alisema ni Ibrahimu akiwa juu ya madhabahu, karibu kuchinjwa na kuhani wa kipagani. Wataalamu waliona miungu ya Misri: Osiri amelazwa juu ya jeneza, na Anubi anamhudumia. Maandishi ya kando yake ni Kitabu cha Pumzi, sala za maziko za kuhani aliyeitwa Hor, za enzi ya watawala wa Kiyunani wa Misri, zaidi ya miaka elfu moja baada ya wakati ambao kwa kawaida Ibrahimu huwekwa. Jina la Ibrahimu halimo. Kanisa lenyewe, katika makala rasmi ya mwaka 2014, limekubali kwamba vipande hivyo havimtaji Ibrahimu wala matukio ya kitabu chake.

Walijibuje? Kwa njia mbili kubwa. Baadhi ya wanazuoni wao husema hati ilikuwa ndefu zaidi, na sehemu yenye Ibrahimu ilipotea. Wengine husema mafunjo hayakuwa chanzo bali kichocheo: nabii aliyatazama, na Mungu akamfunulia maneno ambayo hayakuandikwa hapo. Makala ya 2014 inaacha milango yote miwili wazi. Mimi naona jibu la kwanza haligusi michoro, ambayo ipo na maelezo ya Smith juu yake yapo. Na la pili linabadilisha madai yaliyokuwa yakisomwa juu ya kitabu tangu 1842, kwamba hii ni tafsiri. Lakini naomba mlitazame jibu la pili kwa macho ya anayelitoa. Kwake, Mungu aliyesema kupitia punda wa Balaamu hashindwi kusema kupitia hati ya maziko. Ukimwambia "umeshindwa", hatajisikia ameshindwa.

Na hapa lazima tujiulize wenyewe. Wengi wenu mmekulia miji ambayo mihadhara ya Biblia na Kurani ilifanyika viwanjani kwa vipaza sauti, na kanda za mhubiri wa Kiislamu Ahmed Deedat wa Afrika Kusini zilipita mkono kwa mkono. Mnajua Mkristo anavyojibu anapoulizwa kwa nini nasaba ya Yesu katika Mathayo haifanani na ya Luka, au kwa nini wanaakiolojia wengi wanautilia shaka msafara wa Waisraeli wengi vile jangwani Sinai. Tunasema: kutoonekana kwa ushahidi si ushahidi wa kutokuwepo, tunasema mwandishi alikuwa na kusudi la kitheolojia. Sawa. Lakini basi hatuwezi kumcheka Mmormoni anaposema maneno hayohayo juu ya farasi na chuma ambavyo Kitabu cha Mormoni kinavitaja katika Marekani ya kale. Tunaweza kuonyesha kwamba mambo hayalingani: Yerusalemu ipo, mfalme Omri anatajwa katika Jiwe la Moabu, ilhali mji wa Wanefi, watu wa Kitabu cha Mormoni, bado haujaonyeshwa ardhini kwa namna ambayo wataalamu wasio waumini wameikubali. Hiyo ni hoja halali, kwa sababu inatumia kipimo kimoja kwa vitabu vyote viwili. Dhihaka haitumii kipimo chochote.

Suala la vinasaba nalipita haraka. Uchunguzi umeonyesha kwamba wenyeji wa Marekani asili yao kubwa ni Asia. Utangulizi wa Kitabu cha Mormoni, uliowekwa 1981, ulisema Walamani, taifa jingine la kitabu hicho, ni wazee wakuu wa wenyeji hao. Baadaye ukalegezwa kusema ni miongoni mwa wazee wao. Wakristo walishangilia. Lakini utangulizi si maandiko yenyewe, na hoja iliyojengwa juu ya utangulizi hudondoka pamoja nao.

Jibu lililo zito kuliko yote halitoki kwa wanazuoni. Linatoka kwa mmisionari kijana wa miaka 20 mlangoni kwako. Atakuomba usome Kitabu cha Mormoni, kisha usali, umuulize Mungu kama ni kweli, kama inavyoahidiwa katika sura yake ya mwisho, na atakuonyesha Yakobo 1:5. Akishasema kwamba yeye aliomba na Roho akamshuhudia, mjadala wa mafunjo umekwisha. Wakristo hujibu kwamba hisia hudanganya. Naye, kama amefundishwa vizuri, atakufungulia Luka 24, wanafunzi wa njia ya Emau ambao mioyo yao iliwaka ndani yao. Wapo wachungaji waliowahi kunyamaza hapo, kwa sababu Jumapili iliyotangulia wao wenyewe walisimama wakatangaza kwamba Roho amewaambia jambo fulani, na waumini wakasema amina bila mtu kuuliza.

Naona kosa liko kwetu. Paulo anawaagiza Wathesalonike wajaribu mambo yote, na Yohana anataka roho zipimwe. Kanisa lisilopima unabii wake lenyewe halina ulimi wa kumwambia Mmormoni apime wa kwake. Hata Wagalatia 1:8, ule mstari wa malaika kutoka mbinguni ambao tunaupenda sana katika vijitabu hivi kwa sababu ya Moroni, anayesemwa kumtokea Joseph Smith kama malaika, unaanza na Paulo akijitia mwenyewe chini ya hukumu hiyo. Ni mara chache kuusikia ukisomwa tangu mwanzo wake.

Kiini cha tofauti yetu hakipo New York wala Misri. Kipo katika neno "Mungu". Aprili 1844, miezi michache kabla ya kuuawa na umati wenye silaha gerezani Carthage, Illinois, Joseph Smith alihubiri mjini Nauvoo kwamba Mungu Baba aliwahi kuwa mtu kama sisi, na kwamba wanadamu nao wanaweza kupanda hadi kuwa kama yeye. Mafundisho na Maagano, kitabu kingine cha maandiko yao, katika sehemu ya 130 kinasema Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Kwetu Mungu ndiye asiye na mwanzo, aliyeumba vyote kutoka kutokuwepo. Kwao Mungu alivipanga vitu ambavyo asili yake ni ya milele. Hapo hatutofautiani juu ya kiasi cha utukufu wake. Tunazungumza juu ya wawili tofauti. Ndiyo maana mwaka 2001 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali kwa Wakatoliki, ijapokuwa wanataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu na wanazamisha mtu mzima majini. Nao hawaukubali wetu: Mkristo yeyote anayeingia kwao hubatizwa upya. Pande zote mbili zilisema ukweli. Napendelea ukweli huo kuliko upole wa kusema sote ni wamoja.

Tunawaletea Isaya 43:10, kwamba kabla ya Bwana hakuumbwa mungu mwingine wala baada yake hatakuwapo. Wanatuletea Zaburi 82 na Yohana 10, ambapo wanadamu wanaitwa miungu, na wanaongeza kwamba Utatu ulitungwa na maaskofu wa Nikea mwaka 325 kwa falsafa ya Kiyunani. Hapa Wakristo wengi wa kwetu wanakwama, kwa sababu wanaikiri imani ya Nikea kila Jumapili bila kufundishwa ilipotoka. Laiti wangejua kwamba Nikea ilikataa kile ambacho falsafa ya wakati ule ingekipenda: mungu wa daraja la pili, kiumbe bora, aliye kati ya Mungu na dunia. Ario, aliyehukumiwa hapo Nikea, ndiye aliyekuwa na picha iliyokaa vizuri na wanafalsafa. Mwanafunzi anayelifahamu hilo hahitaji kijitabu dhidi ya mtu yeyote.

Nisipogusa rangi katika ukumbi huu nitakuwa nimewaficha jambo. Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Mwaka 1852 Brigham Young, mrithi wa Joseph Smith, alitangaza kwamba wenye asili ya Afrika hawataupokea, na katazo likaenea hadi ibada za hekaluni. Liliondolewa Juni 1978. Mwishoni mwa 2013 kanisa likachapa makala ya kuzikana nadharia zote zilizotumiwa kulihalalisha. Wakristo wa Afrika tunaitumia hoja hii mara nyingi, na baadhi yetu tunafikiri inatosha peke yake. Haitoshi. Makanisa yaliyotuletea Biblia nayo yalikuwa na wachungaji walioitetea biashara ya watumwa, na makanisa ya Kireformati ya Afrika Kusini yaliupa ubaguzi baraka za kitheolojia. Tukitumia aibu hiyo kuwafunga wao, tujifunge pia.

Bado lipo swali lililo halali kwa Mmormoni mwenyewe: kama mkuu wa kanisa ni nabii anayenena kwa Mungu, ilikuwaje manabii kadhaa waliofuatana wakalisimamia kwa zaidi ya miaka 120 jambo ambalo sababu zake leo zinakanwa? Waumini weusi wa kanisa hilo wanalijua swali hili kuliko sisi, na majibu yao hayafanani. Wapo wanaosema Mungu huwaacha manabii wakosee. Wapo walioondoka. Na wapo, kama Sitati, walioingia baada ya 1978 na wakabaki.

Kuna watu wawili ambao ningependa kila mtetezi wa imani awajue: Jerald na Sandra Tanner wa Salt Lake City. Wote walizaliwa katika Umormoni, na Sandra ni wa uzao wa Brigham Young. Walitoka wakiwa vijana, wakawa Wakristo wa kiinjili, wakatumia maisha yao kuchapa nyaraka za zamani ambazo kanisa halikuzitangaza. Mwaka 1984 ilijulikana barua iliyodaiwa kuandikwa na Martin Harris, mfuasi wa mwanzo wa Joseph Smith, mwaka 1830, ikieleza kwamba Joseph Smith alipoyafuata mabamba ya dhahabu, aliyosema ndiyo chanzo cha Kitabu cha Mormoni, hakukutana na malaika bali na kiumbe kama mjusi mweupe aliyegeuka roho. Kwa adui wa Umormoni hiyo ilikuwa zawadi. Wataalamu wa hati waliikubali. Jerald Tanner aliisoma, akaona maneno yake yanafanana mno na kitabu kilekile cha Howe cha 1834, akatangaza hadharani kwamba anaishuku. Hata mkewe hakukubaliana naye mwanzoni.

Oktoba 1985 mabomu yaliua watu wawili huko Salt Lake City. Aliyeyatega ni Mark Hofmann, muuza hati, ambaye alikuwa ameighushi barua hiyo pamoja na nyingine nyingi na alikuwa akijaribu kuficha. Alikiri makosa yake mahakamani mwaka 1987. Mpinzani mkubwa wa kanisa alikuwa ameitilia shaka hati iliyomfaa yeye, kabla ya wengi walioumizwa nayo.

Tanner na mkewe pia walijitokeza kukosoa filamu iliyofuata The God Makers ya 1982; filamu hizo zilionyeshwa katika makanisa mengi na kuuchora Umormoni kama njama ya kishetani. Baadhi ya Wakristo wenzao waliwalaumu. Nadhani waliifanyia injili kazi kubwa zaidi kwa ukosoaji huo kuliko kwa vitabu vyao vyote.

Novemba 2004 Richard Mouw, mkuu wa Seminari ya Fuller, alisimama katika ukumbi mkuu wa Wamormoni huko Salt Lake City, akaomba radhi kwamba Wakristo wa kiinjili wamewashuhudia uongo jirani zao kwa kuwaambia wanaamini nini badala ya kuwauliza. Baadhi ya wenzake walikasirika, wakaona amewapa silaha. Lakini Mouw hakukana kanuni ya imani hata moja, na mazungumzo aliyokuwa ameyaanza na wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Brigham Young yaliendelea, yakihusu neema, Utatu, na msalaba, kwa kina ambacho miaka 170 ya vijitabu haikukifikia.

Na wanaoshindwa na hoja zetu huenda wapi? Uchunguzi wa dini nchini Marekani umekuwa ukionyesha kwamba wanaoacha Umormoni, kundi lao kubwa zaidi haliingii kanisa jingine; linaacha dini kabisa. Tumewafundisha kwamba ushuhuda wa moyo ni upuuzi, kwamba nabii ni tapeli, kwamba maandiko ya kale ni ya kushukiwa, halafu tunawashangaa wanapovitumia visu hivyo juu ya Musa na Paulo. Tuliwavunjia nyumba tukiwa hatujafagia hata chumba kimoja cha kuwakaribisha.

Nimeambiwa kwamba wapo humu ukumbini waumini wa kanisa hilo, na wamenisikiliza kwa uvumilivu wakati nikiyasema mambo waliyo nayo kwa utakatifu. Muda wa maswali umefika. Naomba kipaza sauti kianzie kwao, na popote nilipoeleza imani yao kwa namna wasiyoitambua, wanisahihishe mbele yenu wote kabla hatujaendelea.